Maswali na Majibu: Bastola ya .22 Inapotawanya Risasi

Barua nyingi za safari hii zimeangukia jambo moja: bastola ya mashindano ya .22 iliyokuwa ikipiga vizuri na sasa haieleweki. Tumechagua sita. Kabla hujagusa chochote kati ya tunayoyaeleza, toa magazini (kisanduku cha risasi), vuta bolti (kipande kinachofunga nyuma ya mtutu) nyuma, itazame chemba, yaani tundu inamokaa risasi, kwa macho, kisha ipapase kwa ncha ya kidole kidogo. Risasi zenyewe zikae chumba kingine.

Ndugu Mhariri, nina bastola ya nusu-otomatiki ya .22 LR ninayoipigia klabuni, mita 25. Zamani risasi zangu kumi hazikutoka nje ya duara jeusi. Siku hizi zinafika pete ya tano, mara juu, mara kulia. Nimebadilisha risasi aina tatu, nimezungusha saiti kila wiki, nimesugua mtutu mpaka unang'aa. Nianzie wapi?
*Msomaji, Nairobi*

Anza kwa kuacha kubadilisha. Umeshika mambo matatu kwa mkupuo, na hata bastola ikipona kesho hutajua dawa ilikuwa ipi. Saiti nayo, kile kilengeo cha juu ya bastola, iache kabisa kwa sasa. Kazi yake ni kuhamisha kundi zima la matundu kutoka hapa kwenda pale. Upana wa kundi haiwezi kuupunguza. Anayekimbiza kila risasi kwa skrubu ya saiti huongeza mtawanyiko kwa mkono wake mwenyewe.

Jambo la kwanza ni kujua bastola yenyewe inaweza nini ukiiondolea mtikisiko wako. Tafuta meza isiyoyumba. Kata miguu miwili ya suruali kuukuu ya jinzi, ijaze mchanga mkavu, ishone. Kaa, shika bastola kwa mikono miwili, viwiko mezani, na viganja au sehemu ya mbele ya fremu vilale juu ya mchanga. Mtutu usiguse kitu. Piga shabaha tano, risasi tano kila moja, bila kugusa saiti hata matundu yakiwa mbali na katikati. Kwa kila shabaha pima kutoka ukingo wa nje wa tundu la mbali upande mmoja hadi ukingo wa nje wa lile la upande wa pili, kisha toa milimita 5.6, ambao ndio upana wa risasi. Jumlisha vipimo vitano, gawa kwa tano.

Kundi moja la risasi tano lisikufurahishe wala lisikuvunje moyo. Bastola ileile, risasi zilezile, inaweza kukupa milimita 18 ikifuatiwa na 35, bila kitu chochote kuharibika. Ndiyo maana tunataka makundi matano. Na ukilinganisha na rafiki anayepiga kumikumi, kumbuka kundi la risasi kumi huwa pana kwa takriban robo zaidi kuliko la tano.

Sasa soma jibu. Pete ya kumi ya shabaha ya mita 25 ina kipenyo cha milimita 50, na duara jeusi lote ni milimita 200. Bastola nzima ya mashindano, ikiwa na risasi inazozipenda, haina sababu ya kutoka nje ya ile pete ya kumi ukiwa mezani. Mezani ukipata milimita 30 na ukisimama unapata 250, bastola haina kosa; nenda moja kwa moja kwenye barua ya mwisho hapa chini. Mezani ukipata 80 au 100, endelea nasi, na ufuate mpangilio huu kwa sababu unaanzia kwenye kisichogharimu kitu.

Skrubu kwanza. Shika saiti ya nyuma kwa kidole gumba na cha shahada, isukume kushoto, kulia, juu. Fanya hivyohivyo kwa saiti ya mbele, kwa mtutu na kwa mpini. Kitu chochote kinachocheza ni mshukiwa. Usidharau mchezo mdogo: bastola yenye milimita 220 kati ya saiti mbili, ambao ndio urefu wa juu unaoruhusiwa na Shirikisho la Kimataifa la Michezo ya Kulenga Shabaha, ikicheza moja ya kumi ya milimita kwenye saiti, risasi inahama milimita 11 ifikapo mita 25. Nusu milimita inahamisha karibu milimita 57, yaani pete mbili. Huo ni mchezo ambao jicho halioni lakini kidole kinausikia.

Kila muundo una mahali pake pa kulegea. Kwenye Browning Buck Mark, mtutu hushikwa na skrubu inayopita kwenye fremu kutoka chini, na kitako cha saiti ya nyuma kina skrubu zake. Zote zinastahili kuangaliwa. Kwenye Smith & Wesson Model 41, mtutu hutoka na kurudi pamoja na saiti zote mbili, kwa hiyo uchafu ulionaswa pale unapokalia hubadilisha mkao wake. Safisha nyuso zinazokutana, kaza kwa bisibisi inayojaa mfereji wa skrubu, halafu chora mstari mwembamba wa rangi ya kucha kutoka kichwa cha skrubu hadi kwenye chuma cha jirani. Baada ya risasi 200 tazama: mstari ukivunjika, skrubu inatembea. Tone moja la gundi ya nyuzi za skrubu, ile inayofunguka kwa bisibisi ya kawaida, linatosha. Ya kudumu usiiweke.

Dalili ya kulegea mara nyingi ni makundi mawili madogo mazuri kwenye shabaha moja. Mtu hudhani ana siku mbaya, kumbe saiti ina mikao miwili na inarukaruka kati yake.

Skrubu zikiwa salama, nenda kwenye magazini. Piga makundi matano kwa kutia risasi mojamoja kwa mkono ndani ya chemba, na matano kutoka kwenye magazini. Ya mkono yakiwa madogo waziwazi, tatizo liko njiani kati ya magazini na chemba. Kichwa cha risasi ya .22 ni madini laini ya risasi (ledi) yasiyo na koti la shaba, na mdomo wa magazini uliopinda au ngazi ya chemba, ule mteremko wa kuingizia risasi, yenye kipele cha chuma hukinyoa pembeni. Ingiza risasi kwa bolti taratibu, itoe bila kuipiga, itazame chini ya mwanga wa dirisha. Mkwaruzo mrefu au ubapa upande mmoja ndio jibu lako. Magazini hiyo iweke pembeni ujaribu nyingine. Kunyoosha midomo kwa koleo ni kazi ya kubahatisha na mara nyingi huishia kuiharibu zaidi.

Kilichobaki ni mdomo wa mtutu. Chukua pamba ya masikioni, iingize kidogo mdomoni, izungushe ukiivuta nje polepole. Nyuzi za pamba zikinasa mahali pamoja, pana kipele au bonyeo. Gesi hutoka upande huo kwanza na kuisukuma risasi kitako. Fundi bunduki mwenye leseni huukata upya mdomo kwa muda mfupi. Wewe usijaribu kwa msasa.

Na ule mtutu unaong'aa? Soma jibu tulilompa msomaji wa Munich.

Assalaam alaykum. Risasi nilizonunua mwaka jana zilikuwa nzuri sana. Nimenunua tena jina lilelile, boksi lilelile, na kundi limekuwa mara mbili. Wanabadilisha viwandani? Huwa ninaziweka kwenye buti la gari ili nisizisahau.
*Msomaji, Maskati*

Wa alaykum salaam, ndugu yetu. Una maswali mawili ndani ya moja, na la buti la gari ndilo linalotutia wasiwasi zaidi.

Kichwa cha risasi ya .22 kimepakwa nta au mafuta mazito kwa nje, na kilainishi hicho ndicho kinachozuia risasi laini kupaka mtutu. Kwenye buti la gari lililoegeshwa juani, kwa joto la kiangazi cha Maskati, nta hulainika, hushuka upande wa chini wa kila risasi, nyingine huingia kwenye karatasi ya boksi. Risasi moja inaondoka na nta nyingi, ya pili imekauka. Fungua boksi utazame: ukiona madoa ya mafuta kwenye karatasi na vichwa vimeng'aa upande mmoja, hizo zifanyie mazoezi ya karibu, usizitumie kupimia bastola. Zinazobaki zikae ndani ya nyumba, kwenye bati lenye mfuniko unaobana, mahali pakavu. Siku ya klabu zibebe kwenye kasha la kuhifadhia baridi lakini bila barafu. Friji nayo si suluhisho. Ukizitoa na kuzifungua kwenye hewa ya pwani hutoa jasho palepale.

Kuhusu jina lilelile: kila boksi lina namba ya toleo, imepigwa chapa kwenye ukingo au mfuniko. Matoleo mawili ya risasi ya jina moja ni kama mikate ya tanuri moja siku mbili tofauti. Kiwashio cha .22 hakimo kwenye kikombe kidogo katikati. Kimepakwa ndani ya ukingo wa ganda na kuzungushwa mpaka kijae pande zote, na usawa wa mpako huo ni kitu kigumu kukirudia. Mtutu wako nao una ladha yake. Risasi ya bei ghali kuliko zote inaweza kushindwa na ya bei ya kati ndani ya mtutu fulani, na hakuna anayeweza kukutabiria. Nunua boksi mojamoja la risasi 50 la aina tatu au nne zenye kasi ya kawaida, kwa mfano za Eley, SK, RWS au CCI, zijaribu mezani, na ile iliyoshinda urudi dukani siku hiyohiyo ukachukue za namba ileile kadiri mfuko unavyoruhusu na leseni yako inavyokubali.

Kila unapobadilisha aina, piga risasi 15 hadi 20 za kuufundisha mtutu kabla ya kuanza kuhesabu. Vilainishi hutofautiana, na risasi za mwanzo hupita juu ya mabaki ya kile cha zamani. Wengi wamezikataa risasi nzuri kwa sababu ya boksi nusu la kwanza.

Ziepuke zile za kasi ya juu, za mita 370 kwa sekunde na zaidi. Spiringi za bastola za mashindano zimepimwa kwa risasi za takriban mita 330 kwa sekunde. Ukizidisha, bolti hugonga fremu kwa nguvu, saiti hulegea mapema, na hakuna usahihi unaoupata badala yake.

Wapendwa, klabuni kwetu mzee mmoja husafisha mtutu kila jioni, mwingine anasema hajausafisha tangu auchukue na hashindwi. Nimfuate nani?
*Msomaji, Munich*

Mzee wa pili yuko karibu na ukweli kwa upande wa mtutu, wa kwanza kwa upande wa chemba na bolti. Baruti ya .22 huacha masizi mengi, na hayo hujikusanya pale ganda linapoishia mbele ya chemba, yakawa pete ngumu. Bolti inashindwa kufunga sawasawa kila mara, na risasi inaanza safari imeinama. Sehemu hiyo, pamoja na uso wa bolti na ndoano ya kutolea ganda, isafishe kila baada ya siku ya kupiga: brashi fupi ya shaba, kitambaa, tone la kiyeyushi.

Mtutu wenyewe hauhitaji hivyo. Ukiusugua mpaka unang'aa umeondoa ule utando wa nta uliokuwa ukifanya kila risasi ipite kama iliyotangulia, na risasi za mwanzo baada ya hapo zitatangatanga mpaka utando urudi. Vuta kitambaa kikavu kimoja au viwili kutoka chemba kwenda mdomoni kila baada ya risasi mia kadhaa, na ungoje. Kundi likianza kupanuka mezani bila sababu nyingine, hapo ndipo brashi ya shaba na kiyeyushi vinapostahili, ukitazama kama kuna vipande vya kijivu vya madini ya risasi yaliyoganda kwenye mifereji ya ndani ya mtutu. Fimbo iingie kutoka nyuma kila bastola inaporuhusu. Ikilazimu kupitia mdomoni, tumia uzi wa kuvuta badala ya fimbo ya chuma. Mdomo wa mtutu ukiliwa na fimbo hakuna kiyeyushi kitakachouponya.

Nawa mikono kwa maji baridi na sabuni ukimaliza, kabla ya chai. Vumbi la madini ya risasi ni sumu.

Matundu yangu mengine si ya mviringo, yana umbo la yai. Bastola ina kompenseta mdomoni.
*Msomaji, Minnesota*

Risasi inafika ikiwa ubavu. Kwa bastola yenye kompenseta, kile kipande cha mbele chenye matundu ya kupitishia gesi, tazama humo kwanza. Risasi laini hurushia chembe ndani yake, chembe huwa ukoko, na ukoko hukua mpaka unagusa risasi inayopita. Kifungue, kwangua kwa kijiti cha mwanzi au cha shaba, kamwe si kwa bisibisi. Kabla ya kukirudisha, angalia alama ya kijivu inayong'aa kwenye ukingo wa tundu la kutokea: ikiwa upande mmoja tu, kompenseta haikukaa sawa na mtutu, au skrubu yake imekazwa upande.

Ukipiga bila kompenseta na matundu bado yana umbo la yai, mifereji imejaa risasi iliyoganda. Isafishe kikamilifu. Yasipokoma, mtutu umechoka, na hapo ni kwa fundi.

Risasi zangu zinapanga mstari wa wima, hazitanuki pembeni. Na ya kwanza ya kila magazini iko peke yake juu.
*Msomaji, Kampala*

Ya kwanza ni tabia ya nusu-otomatiki nyingi: umeifunga bolti kwa mkono, tena pengine ukaisindikiza polepole, ilhali zinazofuata hufungwa na spiringi kwa nguvu yake yote. Vuta bolti hadi mwisho na uiachie, usiisindikize. Ikiendelea kujitenga, ihesabu kuwa tabia yake na katika mazoezi ya vipimo ipige nje ya shabaha.

Mstari wa wima wote ukijitokeza hata mezani, tunashuku uwashaji. Okota maganda kumi, yapange mezani, linganisha alama za pini. Zote ziwe na kina kimoja na mahali pamoja. Zikiwa hafifu au zinatofautiana, toa pini, safisha tundu lake mpaka likauke, na usitie mafuta humo. Mafuta yakichanganyika na masizi huwa gundi inayopunguza mwendo wa pini. Spiringi ya pini ni kitu cha bei ndogo, ibadilishe. Angalia pia ukingo wa chemba pale pini inapotua. Ukipata bonyeo lililosababishwa na kufyatua bila risasi, hilo linazuia ganda kukaa vizuri, na kuna kifaa cha fundi cha kulirudisha chuma mahali pake. Kwa mazoezi ya nyumbani weka kizibo: zile plagi za plastiki za manjano za kushikia skrubu ukutani, saizi ndogo, huingia kwenye chemba ya .22 na kuupokea mpigo wa pini. Hakikisha kwamba ni plagi kila mara unapoiweka.

Shikamooni. Mimi ni mwanafunzi wa mchezo huu, natumia mkono wa kulia, na risasi zangu zinakwenda chini kushoto. Mwalimu amesema saiti imekosewa, mwingine amesema ni mimi.
*Msomaji, Dar es Salaam*

Marahaba, mwanetu. Kaa mezani upige kundi moja. Likiwa katikati, saiti haina kosa.

Chini kushoto kwa mtu wa mkono wa kulia ni kidole kinachovuta kifyatulio kwa ghafla huku mkono ukijikaza kuupokea mshindo ambao bado haujaja. Mwombe mwenzako akujazie magazini, akichanganya risasi halisi na za bandia bila wewe kujua mpangilio. Pini ikianguka kwenye ya bandia, mbele ya bastola itaruka chini yenyewe, na wote wawili mtaona. Usione haya, kila mtu hushangaa mara ya kwanza.

Pima kifyatulio pia. Kanuni ya mita 25 inataka kibebe angalau gramu 1000. Chupa ya lita moja ya maji, ukiondoa uzito wa chupa yenyewe, ndiyo hiyo. Ifunge uzi, itundike katikati ya kifyatulio bastola ikiwa tupu, imekokiwa, mtutu ukitazama juu, kisha inyanyue taratibu. Kikibeba bila kuachia uko ndani ya kanuni. Kikihitaji kilo mbili, hicho ni kizito kwa mchezo huu na kinakufundisha kuvuta kwa pupa, mpelekee fundi.

Halafu tazama saiti ya mbele, uache duara jeusi liwe na ukungu. Kupishana kidogo kwa saiti mbili ndiko kunakopoteza pete, kama tulivyomhesabia msomaji wa Nairobi. Juani saiti ya mbele iking'aa upande mmoja, jicho litaisogeza upande wa giza. Ipake masizi ya kibatari kabla ya kuanza, bastola ikiwa tupu na risasi zikiwa mbali na moto, na uyafute ukimaliza kwa kitambaa chenye mafuta kidogo.

Fyatua tupu mara 30 kila jioni, kizibo kikiwa ndani, ukitazama ukuta mweupe usio na shabaha. Saiti ya mbele ikibaki palepale pini inapoanguka, njoo klabuni na boksi moja tu la risasi.